Nusu ya Kwanza ya Semina

Jumamosi, 14 Oktoba 2006

Semina ya kanisa kuhusu maji ya mvua. Nilienda kwa sababu moja tu. Pasta Ndolo alikuwa ametangaza kwamba mtaa unahitaji mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya Mvua, na atachaguliwa mtu ambaye boma lake litakuwa mfano kwa wengine kufikia mwisho wa Novemba. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda huko Athi River. Niko na cheo, lakini hakuna anayekiona isipokuwa rafu. Mwenyekiti anaonekana.

Mfundishaji alikuwa Madam Naserian, mwalimu wa kilimo kutoka Kajiado mjini. Anaeleza vizuri. Alisema zamani mvua ya Kitengela ilikuwa inaangukia nyasi, na nyasi zinakunywa polepole. Siku hizi ni mabati na simiti kila mahali. Maji hayana pa kuingia, kwa hivyo yanakimbia mpaka yapate mlango wa mtu. Dawa ni bustani ya mvua. Unachimba bonde dogo ndani ya boma, unaelekeza maji ya paa hapo, unapanda mimea inayovumilia maji, ardhi inakunywa.

Nilielewa mara moja. Chai ilipotangazwa nilikuwa wa kwanza kwa mandazi, halafu nikabaki nje na Katee, jirani yangu wa upande wa juu, tukipanga vile ataniunga mkono. Tulipomaliza kupanga, watu walikuwa wanatoka. Nusu ya pili ilinipita. Si neno. Mtu akishaona mlango wa nyumba hahitaji kuonyeshwa madirisha.

Wanjala alikaa mpaka mwisho, mstari wa mbele, akiandika. Huyo ni jirani yangu wa ubavuni, karani wa benki, mtu wa Bungoma, mpole mpaka inakera. Najua anataka uenyekiti. Upole kama ule si wa bure.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimechagua mahali. Kando ya geti, ambapo kila anayepita barabarani ataona.

Mbeke, mke wangu, alisema geti liko juu na nyumba iko chini, na maji yanayotusumbua yanaanguka kule nyuma, kona ya chini, karibu na chumba chake cha kushona. Nikamweleza kwamba bustani isiyoonekana ni kama kuvaa tai ndani ya sweta.

"Baba Evalyne," akasema, "mimi sitaki bustani. Nataka sakafu kavu. Niko na kanzu za kwaya huko ndani."

Kanzu zenyewe ni nyeupe zote, za Jumapili ya Mavuno. Hajawahi kupata oda kubwa kama hiyo tangu anunue cherehani. Nikamwahidi mvua ya mwaka huu haitaingia. Niliahidi hivyo hivyo mwaka jana, lakini mwaka jana sikuwa nimeenda semina.

Jumanne, 17 Oktoba

Nilianza kuchimba baada ya kazi. Udongo wetu mweusi ni adui. Ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi. Jembe likiingia halitaki kutoka, na likitoka linakuja na nusu ya boma.

Nikipumzika nilichungulia kwa Wanjala kupitia ua wa michongoma. Amechimba kishimo kama sufuria ya ugali, akamwaga maji ndani, akaleta stuli, akakaa kuyaangalia. Mtu mzima. Ameatamia shimo kama kuku. Anaangalia saa, anaandika, anaangalia tena. Dolphine mkewe alimletea chai hapo hapo, hata hakushangaa.

Nalala na furaha. Mashindano yameisha kabla ya kuanza.

Alhamisi, 19 Oktoba

Kile kishimo kinanisumbua akili. Leo amekifukia na kuchimba kingine upande wa pili wa boma, akamwaga maji tena. Lazima hiyo ni nusu ya pili ya semina.

Siwezi kumuuliza. Mtu anayetaka kuwa mwenyekiti haulizi. Nikamtuma Mbeke akaombe chumvi, na akiwa huko aulize kuhusu shimo, kama mtu anayepitisha wakati. Alirudi na chumvi peke yake. Akasema Wanjala yuko hapo, ni binadamu, haumi, nikamuulize mwenyewe.

Chumvi tulikuwa nayo. Sasa tuko nayo mara mbili.

Ijumaa, 20 Oktoba. Sikukuu.

Nimechimba kutwa. Shimo sasa ni refu na pana, limepinda vizuri kama maharagwe. Katee alikuja akasifu. Katika kusifu nikapata wazo: kama bustani ni ya maji, basi bustani kubwa ni ya maji mengi.

Nikang'oa bomba linaloshusha maji ya paa kwenye tangi la Mbeke, nikaliunga na lingine mpaka getini. Halafu nikamwambia Katee maji ya kwake pia nitayapokea, ayaelekeze kwangu. Katee ni mtu wa kufanya kila kitu kesho. Leo alikimbia kuleta jembe. Alichimba mfereji chini ya fensi kabla sijamaliza kunawa mikono, na akanishukuru sana. Sikujiuliza kwa nini.

Mbeke alirudi kutoka sokoni akakuta tangi halina bomba. Aliuliza tutafua na maji gani. Nikasema mambo makubwa yanahitaji kujinyima. Alichukua mitungi akaenda kioski cha maji. Alitembea wima sana.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua. Imenyesha tangu alfajiri. Niliomba ruhusa kazini nikasema niko na homa ya tumbo.

Bustani ilijaa mpaka ukingoni. Nilisimama getini na mwavuli ili watu waone na aliyefanya. Pasta Ndolo alipita, akasimama, akasema hii ni kazi. Alisema "kazi" mara mbili.

Kwa Wanjala hakuna kitu. Bustani yake ni ndogo, iko nyuma huko, na ilipofika jioni ilikuwa udongo uliolowa tu, hata dimbwi la kunawisha bata hakuna. Nilimhurumia. Nikamwambia juu ya ua, kwa upole, kwamba asife moyo, wengine huchelewa. Alinishukuru. Akauliza yangu inachukua muda gani kukauka. Nikasema yangu haikauki. Akaitazama saa yake.

Jumamosi, 28 Oktoba

Kweli haikauki.

Maji yamekaa vile vile, ila sasa ni ya kijani. Kuna vyura. Sijui walitoka wapi, Kitengela nzima haikuwa na chura. Jana bata wa mtu asiyejulikana walikuja wakaoga. Mbu wa geti wameungana na mbu wa nyumba.

Mbeke aliuliza kule semina walisema maji yakae muda gani. Nikasema bustani haiharakishwi. Akauliza kama walisema hivyo kabla ya chai ama baada ya chai. Sikupenda hilo swali.

Jumapili, 29 Oktoba

Balaa. Madam Naserian amekuja kutembelea bustani. Alianza na ya Wanjala. Nilimsikia kupitia michongoma akicheka kwa raha na kusema mkono huu ni wa mtu aliyesikiliza.

Nikafunga geti kwa kufuli haraka. Alipobisha nilikuwa nimesimama ndani.

"Supa, Baba Evalyne," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, Madam. Ufunguo umepotea."

Alisema anaweza kungoja. Nikasema umepotea kabisa. Akasema basi atachungulia tu juu ya geti, angalau aone mahali nilipochimba. Nikasimama mbele yake, na yeye akasogea, na mimi nikasogea. Chura mmoja akaanza kulia. Tukamsikiliza wote wawili.

"Kama kuna kitu unataka kuuliza, uliza tu," akasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Akaniachia namba yake ya simu kupitia mwanya wa geti, akaenda. Ufunguo ulikuwa mfukoni, unanichoma paja.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua kubwa tangu mchana. Naandika haraka kwa sababu sina la kufanya ambalo halijaharibika.

Bonde lilikuwa limejaa tayari kabla ya tone la kwanza. Maji ya paa langu yakaja. Maji ya Katee yakaja, mengi kuliko yangu, na pamoja nayo ndala na kifuniko cha sufuria. Sikuwa nimeacha njia ya maji ya ziada kutoka. Sikujua kama inahitajika. Yakachagua yenyewe. Yalitoka getini yakashuka pande mbili za nyumba, yakakutana kule nyuma, yakaingia chumba cha kushona kwa mlango.

Nilimkuta Mbeke amesimama kwenye maji, amekumbatia kanzu alizoweza kuokoa. Nyingine zilikuwa zinaelea. Zilikuwa nyeupe. Upindo wa kila moja ulikuwa umekunywa ule udongo mweusi.

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejitayarisha na majibu. Hakugombana. Alimwita Dolphine juu ya ua, Dolphine na Wanjala wakaja na karatasi ya nailoni, wakafunika cherehani, wakaibeba watatu mpaka kwa Wanjala, ambako ni kavu. Nilijaribu kushika kona. Mbeke akasema, bila kuinua sauti, "Wewe acha tu."

Ijumaa, 3 Novemba

Nasikia cherehani ikilia ng'ambo ya michongoma. Nimekula ugali wa jana.

Jumapili, 5 Novemba

Mbeke analala nyumbani lakini anaishi kwa Wanjala. Anaamka, anapika chai, anavuka. Kanzu zimefuliwa na Dolphine na yeye mpaka mikono imechubuka. Doa halitoki. Kanisani leo kiongozi wa kwaya aliuliza kanzu zinaendelea aje. Mbeke alisema zitakuwa tayari. Nilikuwa nimekaa karibu yake na niliona vile alivyoshika kitabu cha nyimbo, kama mtu anayeshika ukingo wa lori.

Nimeamua nitarekebisha mambo. Peke yangu, na bila kelele.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango: kuziba mfereji wa Katee. Adui si bonde, adui ni maji ya Katee. Niliweka magunia ya mchanga chini ya fensi kabla ya kwenda kazini, nikayakanyaga vizuri.

Mvua ilinyesha mchana. Nilipotoka kazini Katee alikuwa ananingoja getini, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alisema maji yamerudi yote kwake, yameingia jikoni, unga umelowa. Alisema tulikuwa tumepatana. Nikamkumbusha alivyosema ataniunga mkono. Akasema mkono wake sasa una kazi ya kuchota maji, na kwa uenyekiti nisimhesabu.

Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumtupia hayo maji tangu ajenge. Aliniambia mwenyewe, kwa hasira, kana kwamba kosa ni langu kwa kukubali.

Nimeondoa magunia. Bata wamerudi. Safari hii na watoto.

Jumamosi, 11 Novemba

Asubuhi Mbeke alivuka kama kawaida. Nikasimama kwenye chumba chake cha kushona. Kuna mstari mweusi ukutani, chini ya kifundo cha mguu, kuzunguka chumba chote. Kwenye msumari kulikuwa kumebaki futi yake ya kupimia, imejikunja. Niliitazama mpaka nikachoka. Halafu nikaenda kwa Wanjala. Sikupitia getini. Niliita juu ya ua, kwa sauti ndogo.

"Baba Sydney. Kile kishimo chako cha kumwaga maji. Kilikuwa cha nini?"

Hakucheka. Ningependelea acheke.

"Kupima," akasema. "Madam alisema uchimbe kidogo, umwage maji, uone ardhi inakunywa kwa haraka gani. Mahali pa kwanza maji yalikaa mpaka kesho yake. Nikahamia pa pili. Hapo udongo mweusi ni mwembamba, chini kuna changarawe nyekundu. Inakunywa."

"Alisema hayo baada ya chai?"

"Baada ya chai." Akasogea karibu na ua. "Nilikuwekea kiti, Baba Evalyne. Niliweka koti langu hapo watu wasikikalie. Nilidhani umeitwa nyumbani."

Nikamuuliza kama anataka sana huo uenyekiti. Akashangaa. Alisema mama yake mzee analala chumba cha nyuma, na mwaka jana aliamka akakanyaga maji gizani akaanguka. Alichimba kwa ajili hiyo. Uenyekiti hata hajaufikiria.

Nimemchukia huyu mtu mwezi mzima bure.

Tulichimba pamoja, kule nyuma, kona ya chini. Mbeke alitoka akasimama na mikono kiunoni na kutuonyesha maji yanapoangukia, maana yeye ndiye amekuwa akiyafagia miaka yote. Kwanza tukapima na kishimo. Kilikunywa. Tukachimba hatua kadhaa mbali na ukuta, mpaka tukapita udongo mweusi. Chini tukaweka kokoto za kwari, juu tukachanganya udongo na mchanga na mbolea ya ng'ombe. Upande wa chini tukaacha mlango wa mawe, maji ya ziada yatoke kwenda mtaro wa barabara ya nyuma. Dolphine alileta miche ya nduma na ya maua mekundu ya kana, mimea isiyoogopa maji.

Mbeke aliniletea chai. Aliiweka chini, hakunipa mkononi, lakini aliileta.

Jumapili, 12 Novemba

Mgongo. Hata kalamu ni nzito.

Jumanne, 14 Novemba

Nimefukia bonde la getini. Nimerudisha bomba la tangi mahali pake, na Katee nimemsaidia kuchimba bustani yake mwenyewe. Alianza kulalamika, halafu nikamwambia mbadala ni magunia. Vyura wamehama. Kwa kweli sauti zao nilikuwa nimezizoea.

Jumamosi, 18 Novemba

Jana mvua ilinyesha kama mtu anayemwaga karai. Nilikaa kwenye chumba cha kushona na tochi, nikingoja. Tangi likajaa, maji yaliyobaki yakaingia kwenye bustani ya nyuma, yakasimama kati ya nduma, yakapanda, mengine yakatokea kwenye mlango wa mawe yakaenda zake. Leo mchana hakukuwa na maji. Udongo tu, na kana zimesimama.

Mbeke aliingia chumbani, akachuchumaa, akaweka kiganja sakafuni. Akakiacha hapo. Kisha akasema twende tukachukue cherehani.

Safari hii nilishika kona.

Jumapili, 26 Novemba

Jumapili ya Mavuno. Mbeke alikuwa amekata upindo wa kila kanzu, pale palipokuwa na doa, akashona ukanda mpana wa kitambaa cha kijani kuzunguka chini. Kwaya iliposimama kanisa zima likanong'ona. Mama mmoja nyuma yangu alisema mavazi kama hayo hata Nairobi hayapo. Kwaya ya Illasit, waliokuja kama wageni, wameshaagiza za kwao.

Baada ya ibada Pasta Ndolo akasimama kutangaza mwenyekiti. Nilinyoosha tai. Nilikuwa nimeandaa maneno machache ya unyenyekevu. Akasema ametembelea maboma yote, na kila alipouliza, watu walimwambia mtu mmoja ndiye aliyejua maji yanapita wapi tangu mwanzo. Akamwita Mama Evalyne.

Mbeke alikuwa hajajua. Alitembea mbele huku akijifuta mikono kwenye sketi kana kwamba ametoka kuosha vyombo. Wanjala alipiga makofi mpaka Dolphine akamshika mkono. Mimi pia nilipiga. Nilipiga kwa nguvu zaidi kuliko nilivyotarajia.

Kuna watu walioniita bwana wa mwenyekiti. Si jina baya. Linaweza kutumika.

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika nikiwa Gataka, huko Rongai, kwa binamu yangu Wathome. Alisikia mambo ya kamati akapiga simu kumwomba Mbeke ushauri, maji yanamwingilia sebuleni. Mbeke alikuwa kwenye mkutano. Nikapokea mimi. Nikamwambia asisumbue ofisi ya mwenyekiti kwa jambo dogo, nitakuja mwenyewe.

Nimepokewa vizuri. Wamechinja kuku. Baada ya chakula nilizunguka boma mikono nyuma, nikitikisa kichwa pale panapostahili. Mahali nimepapata upesi, chini ya dirisha la sebule, penye kivuli na nafasi ya watu kusimama wakitazama. Niliwaeleza kila kitu kwa muda mfupi na kuruka yale madogo madogo ambayo yangewachanganya. Majirani wawili walikuja kusikiliza, mmoja akaniita mwalimu.

Tunaanza kuchimba kesho asubuhi na mapema. Kule juu ya vilima vya Ngong kumekuwa kweusi tangu mchana, kwa hivyo nimewaambia tusipoteze wakati na mambo mengi.

Mke wa Wathome, Jacinta, ni mtu wa maswali. Aliuliza bonde likijaa, maji yatatokea wapi. Nikamwambia hayo tutayajua maji yakifika.